Mkwe Aliyebaki Nje

Nikiikumbuka ile wodi ya wanawake, kinachonijia kwanza si harufu ya dawa wala vilio. Ni mwanga. Hospitali ilikuwa juu kilimani, na kuanzia saa tatu asubuhi ziwa lote lilikuwa linaingia kwa madirisha, linatikisika darini, linapita taratibu juu ya vitanda na nyuso za wagonjwa. Ukikaa sana ulianza kuhisi jengo zima linaelea. Mimi nilikuwa mwanasheria mpya, bado sijafika miaka thelathini, mtoto wa mjini hapohapo Mwanza, Mwislamu wa familia ya wafanyabiashara wa vitambaa, na nilikuwa na mdomo. Mama yangu alizoea kusema nilizaliwa nikibishana na mkunga.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: maduka ya mitumba, magazeti ya watu binafsi, viwanda vya minofu ya samaki. Na sisi pia tulikuwa tumefunguliwa, maana zamani kidogo ofisi ya watu binafsi ya kutoa msaada wa sheria ingeulizwa imetumwa na nani. Tulikuwa wanawake watatu na taipureta moja, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitenge pale Nyamagana. Kazi zetu zilikuwa mirathi, matunzo ya watoto, na wajane waliotolewa vyombo nje. Mgonjwa wa kitandani hakuwahi kuwamo. Nani alijua kwamba mgonjwa naye anaweza kuwa na kesi?

Basi siku moja mchana sista wa wodi ile akapanda ngazi zetu. Alikuwa mwanamke mtu mzima, wa maneno machache, bado kavaa sare yake nyeupe. Akakaa, akanywa maji, akasema kuna bibi wa Kikerewe amepangiwa kukatwa mguu Alhamisi, na bibi mwenyewe hataki. Nikamuuliza nani basi aliyekubali. Akasema mkwe wake, mume wa binti yake, ndiye aliyeweka sahihi. Nikauliza kwani mkwe ndiye mwenye mguu. Sista akacheka kidogo, akasema bibi naye kauliza neno hilohilo asubuhi ile, madaktari walipopita: "Hivi hospitali nzima hii, hakuna anayemuuliza mwenye mguu?"

Nikachukua mkoba wangu nikamfuata.

Bibi alikuwa kitanda cha mwisho, kile cha dirishani. Alikuwa mdogo wa mwili, ngozi imekauka juu ya mifupa, lakini macho yalikuwa macho ya mtu aliyezoea kuamuru watu shambani. Mguu wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya mto, na goti lake lilikuwa limevimba likawa kubwa kuliko kichwa chake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akaishia kwenye viatu vyangu. Nilikuwa na vile vya visigino virefu, nilivinunua Dar es Salaam nilipomaliza chuo, na nilivivaa kila mahali kwa ukaidi tu.

"Wewe ndiye sheria?" akaniuliza. "Na hivyo viatu, unataka kuchungulia wapi?"

Nikampenda palepale. Siwezi kusema vingine.

Aliyajua ya ugonjwa wake kuliko madaktari walivyodhani. Uvimbe ulikuwa wa ile aina mbaya, na ulikuwa umeshapanda kifuani. Alikuwa anakohoa, na picha ya kifua waliyompiga waliishika mbele ya dirisha wakadhani amelala. Wakaanza kunong'ona. Kwa hiyo alijua kwamba mguu ukikatwa atapata miezi kadhaa zaidi, na usipokatwa atapata michache, na kwamba kwa vyovyote vile safari ni ileile. Akaniambia ugonjwa umeshahama chumba, na hawa wanataka kubomoa chumba ulichohama. Alichotaka ni kurudishwa kwake Ukerewe, kijiji kisicho mbali na Nansio, alale ndani ya nyumba yake na miguu yake yote miwili.

"Nataka kufa mahali ambapo nikimtaja mama yangu kuna mtu anamjua," akasema. "Hapa nikimtaja, wanadhani naweweseka."

Na kweli saa nyingine alikuwa anaelea. Zile dawa za maumivu zilimchukua zikamrudisha, na alipokuwa njiani kati ya huku na huko ilikuwa raha kumsikiliza. Mwaka ule gugu maji lilikuwa limeanza kutuvamia. Kutoka dirishani uliona visiwa vya kijani vinatembea ziwani vyenyewe, vinakuja ufukweni, vinageuka na kuondoka. Bibi alivitazama siku nzima. Alinionyesha kimoja akasema kile kimetoka upande wa kwao, anakijua, kimekuja kumwangalia. Kisha akanieleza michungwa yake mitatu, na ukuta wa jikoni uliopigwa jua, na jiwe fulani pwani ambalo akina mama hukalia wakisugua miguu, mpaka na mimi nikawa nimekalia lile jiwe, na saa sita ikapita bila mimi kujua. Nilirudi ofisini nikakuta wateja wawili wamenisubiri wakaondoka. Wenzangu walinisema sana siku hiyo, na walikuwa na haki.

Binti yake alikuwa mama wa makamo, ameolewa Misungwi. Ndiye aliyekuwa anamuuguza, analala chini kwenye mkeka kando ya kitanda. Nilipomuuliza habari za ile sahihi akaniambia baba watoto ndiye mwenye kuamua, maana kaka zake wote wawili walishatangulia mbele ya haki. Nikauliza baba watoto yuko wapi. Akaonyesha kwa kidevu: nje, mwisho wa baraza, karibu na kamba za kuanikia mashuka.

Nikaenda nikiwa nimeshapandisha hasira. Nikamkuta mwanamume mrefu, mkulima wa pamba, amevaa koti la mtumba lililombana mabegani, kofia iko magotini. Alikuwa ameketi kwenye benchi ameupa mgongo ule upande wa wodi, anatazama ukuta mtupu. Sista alikuwa ameniambia kwamba huja kila siku, analeta uji na samaki, anampa mkewe, kisha anakaa pale mpaka jioni bila kuingia ndani hata mara moja. Nikamwamkia, maana alikuwa mkubwa wangu, na kabla hajamaliza kusema marahaba nikamuuliza ni mtu wa namna gani anayeweka sahihi mguu wa mtu ukatwe na hathubutu hata kwenda kumtazama usoni.

Hakukasirika. Akasema, "Dada wakili, yule ni mama mkwe wangu." Nikaona kwamba kwake yeye jibu limekamilika.

Kwangu mimi halikuwa limekamilika hata chembe. Nyumbani kwetu wakwe wanaingia na kutoka, wanagombania kijiko kimoja. Ikabidi binti aje anieleze, anaongea chinichini wakati mumewe anatazama ukuta wake. Kwa mila waliyoishika, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso. Hawakai chumba kimoja, hawaitani majina, hawazungumzi. Wakikutana njiani mmoja anapisha kichakani na mwingine anajifunika. Wengine wengi walishaacha, hasa watu wa mjini, lakini hawa wawili walishika tangu siku ya harusi, na waliishika kwa upendo, si kwa chuki. Ndiyo heshima kubwa waliyokuwa nayo ya kupeana. Kukiwa na neno la kuambiana, linapita kwa binti. Yule mtu alikuwa anamtunza mama yule miaka yote, kamjengea jiko, kampelekea mablanketi, na hajawahi kuijua sauti yake.

Akanieleza mwenyewe kwa nini alisaini. Daktari aliulizia mwanamume wa familia, na mwanamume aliyekuwepo ni yeye. Angekataa, angesema nini mbele ya ukoo wa Ukerewe? Kwamba alimwacha mama wa mke wake afe kwa sababu si mama yake? Nikamuuliza kama anajua bibi mwenyewe anataka nini. Akageuka akanitazama kwa mshangao.

"Ameridhia," akasema. "Niliambiwa ameridhia."

Nikamtazama mkewe. Alikuwa ameinamia beseni, anaosha bakuli lililokwisha kuwa safi.

Nilimfuata bombani baadaye, peke yake. Sikuhitaji kumhoji. Alisema mama yake alimpa ujumbe wazi tangu siku ya kwanza, mwambie mumeo sitaki, na yeye akatoka nje akamwambia mumewe mama amekubali. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, maji yanamwagika mikononi: "Kwa sababu ni mama yangu. Wako yupo?" Wangu alikuwepo, yuko dukani anapima vitambaa, na huenda alikuwa anamgombeza mtu. Kisha akaniomba nisimwambie mumewe. Nilimwonea huruma, lakini mteja wangu alikuwa kitanda cha dirishani na Alhamisi ilikuwa inakuja.

Nikaenda kwa daktari. Ningependa kuwaambia alikuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, macho mekundu, chai yake imepoa mezani. Nikamweleza kwamba kumgusa mtu mzima mwenye akili timamu bila ridhaa yake ni shambulio, hata ukimgusa kwa kisu safi. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akanieleza na yeye: mguu usipokatwa, ule uvimbe utapasuka, utatoa maji na harufu, na maumivu yake si ya mchezo; ukikatwa, atakaa miezi kadhaa akiwa na nafuu. Alisema ameshaona mgonjwa anasema hataki leo, na wiki inayofuata ndugu wanafika lori zima wanauliza kwa nini hospitali ilimtupa mzee wao. Hakuna anayewakumbusha siku hiyo kwamba mgonjwa mwenyewe alisema hataki.

Lakini hakuwa mkaidi. Akasema yuko tayari kusikia. Niwalete mgonjwa na aliyesaini mahali pamoja, kitandani, kila mmoja aseme mbele ya mwenzake naye akisikiliza kwa masikio yake. Bibi akikataa na mkwe akasikia, ile karatasi ataichana yeye mwenyewe. Nikatoka pale natabasamu. Ombi la haki kabisa! Nilifika mpaka nusu ya baraza ndipo nikatambua alichoniomba.

Mkwe alikataa kabla sijamaliza kusema. Alisema akimtazama mama mkwe wake amelala, mgonjwa, mguu uko wazi, atakuwa amemvua nguo mbele ya watu. Nikarudi kwa bibi, nikijua huyu atanisaidia, maana mguu ni wake na yeye ndiye mwenye haraka. Bibi akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Afadhali wakate," akasema.

Jamani. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikahisi kulia kwa hasira. Nilimwambia bibi, wewe unataka kufa na miguu yako, sheria iko na wewe, daktari yuko na wewe, na yule kule nje angekupa hata mguu wake akijua, na mtashindwa kwa sababu ya kutazamana? Akanipigapiga mkononi, ikawa kama mimi ndiye mgonjwa. Akasema sheria yangu ni nzuri, lakini imemkuta yeye akiwa amekwisha kuwa na yake. Kisha dawa ikamchukua, akafumba macho, na mwanga wa ziwa ukawa unapita juu ya uso wake, unapita na kurudi.

Sijui nilikaa pale muda gani. Wodi ilikuwa kimya, ule ukimya wa baada ya chakula. Wauguzi walikuwa wanamwogesha mgonjwa wa kitanda cha jirani, wamemzungushia ile skrini ya kitambaa cha kijani yenye magurudumu, na mimi nilikuwa nasikia kila kitu bila kutaka: maji yanakamuliwa, mgonjwa analalamika sabuni imemwingia jichoni, mtu anacheka. Niliwasikia kwa muda mrefu bila kufikiri chochote. Halafu nikaisikia akili yangu ikiniuliza, wewe mwanamke, unasubiri nini?

Bibi alipozinduka nikamwinamia nikamuuliza, je, kukiwa na pazia? Alifikiri sana. Alitazama ile skrini, akaitazama tena, akauliza swali moja tu: ina matobo? Ilikuwa nayo, mawili, moja kubwa la kupita ngumi. Binti akaondoka bila kusema neno, akarudi na kanga zake mbili za kubadilishia, akazitundika juu yake. Nilipomwendea mkwe na habari hiyo aliuliza kama atakaa ameipa mgongo. Nikamwambia akitaka akae ameupa mgongo mji mzima.

Akaja Jumatano mchana. Mkewe alimwongoza kwa mkono tangu mlangoni, kofia ameishusha mpaka puani, anapapasa kwa miguu, na wagonjwa wote wakageuka kumwangalia. Akaketi kwenye stuli, mgongo umegusana na kanga. Upande wa pili bibi alikuwa ameegemezwa kwa mito, amejitanda kanga mpya iliyotolewa kwenye mfuko wake wa nguo. Daktari alisimama mwisho wa skrini, mahali pa kuwaona wote wawili, na mimi kando yake. Nilisikia korongo wanatembea juu ya bati.

"Baba," akasema bibi. "Uko hapo?"

"Nipo, mama."

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

Kuna mgonjwa mmoja upande wa pili wa wodi alianza kucheka, akajizuia. Bibi akapumua, akakohoa, akaendelea polepole, kila neno limepangwa. Alisema anamshukuru, kwamba binti yake hajawahi kurudi kwao analia, kwamba jiko halivuji, kwamba blanketi alilojifunika ndilo hilo alilomletea. Kisha akasema, "Sasa nakuomba kitu kimoja, na hiki nakuomba mwenyewe kwa mdomo wangu. Uniachie mguu wangu. Unirudishe kwangu."

Yule mtu aliinamisha kichwa. "Mama, niliambiwa umeridhia."

Binti alikuwa amesimama palepale skrini inapoishia, mkono mmoja umeshika chuma chake. Akasema, "Ni mimi niliyesema hivyo." Akasema hivyo akiwa anatazama sakafu, machozi yanamdondoka kwenye miguu.

"Najua," akasema bibi. "Usimgombeze, baba. Na mimi kwa mama yangu ningesema hivyohivyo."

Mkwe akasema watu watamwambia amemtupa. Bibi akamwambia awaambie aliombwa, na shahidi wake ni huyu mtoto wa viatu virefu. Basi akasema, "Iwe unavyosema wewe, mama," na daktari akaichana karatasi mara mbili, akatia vipande mfukoni mwa koti lake, akaenda dirishani akakaa ametugeuzia mgongo. Nikaandika tamko la bibi, nikamchovya kidole gumba kwenye wino. Akakibonyeza mwenyewe.

Mawakili hawasindikizi wateja nyumbani kwao. Mimi nilisindikiza. Nilijiambia nakwenda kuhakikisha zahanati ya kule inapokea dawa za maumivu alizotupatia daktari, lakini ukweli ni kwamba sikutaka iishe, na tena nilikuwa sijawahi kufika Ukerewe, aibu kwa mtoto wa Mwanza.

Safari ile naikumbuka vipandevipande, na sina hakika kama vyote vilitokea au vingine niliviota nikiwa nimeegemea magunia. Ziwa lilikuwa limelala kabisa. Mbali kule wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wanapanda angani kwa nguzo ndefu kama za moshi, moja, nyingine, nyingine, na meli ilipita katikati yake bila kuzigusa. Tulipita mawe yaliyokaliwa na ndege weupe watupu. Bibi alilazwa mbele kwenye machela, kivulini, na mkwe alikaa nyuma kabisa, nyuma ya makreti ya soda. Mimi nilikuwa katikati, na bila mtu kuniuliza nikawa njia. Mwambie baba jua lisimchome. Mwambie mama nina kofia. Mwambie baba kile kisiwa pale ndipo alipozaliwa bibi yangu. Nilikwenda na kurudi, nimevua viatu, sakafu ya meli ina moto wa jua, na sijui kama katika kazi yangu nimewahi kutumika vizuri zaidi ya hapo.

Tulipofika Nansio ndugu walikuwa wamejaa gatini. Ngazi ya kushukia ilikuwa nyembamba na imesimama, na machela ina kona nne. Mabaharia wawili walishika za mbele. Mimi nikashika moja ya nyuma. Binti alikuwa na mizigo kichwani na mikono yote miwili. Tukangoja. Mkwe alikuwa amesimama kule anatazama maji, na nilimwona mgongo wake unavyohangaika.

Bibi akaniambia, bila kugeuza shingo, "Mwambie baba ashike. Mimi nitajifunika."

Akavuta kanga juu ya uso wake, akaichomeka pembeni vizuri. Yule mtu akaja kwa haraka, akainama, akashika ile kona ya kichwani, na tukaanza kushuka. Hatukuwa tumefikiri wale wa chini wanaona nini. Waliona machela, na juu yake mama yao amefunikwa gubigubi mpaka kichwani. Kilio kikapasuka. Wanawake walijitupa mchangani, mzee mmoja akashika kichwa, mtu akaanza kumwita kwa majina yake yote. Na kutoka chini ya kanga ikatoka ile sauti yake ya shambani.

"Nyamazeni. Bado," akasema. "Nimejifunika kwa ajili ya mkwe."

Nilicheka mpaka nikakaribia kuachia kona yangu. Walio chini wakacheka, wakalia, wakacheka tena, na yule mtu wa Misungwi, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola.

Mkwe alikuja ofisini kwetu msimu wa kuuza pamba, siku ya joto. Nilimsikia kwenye ngazi. Aliweka kikapu cha machungwa mezani, na nilipoyaona yale machungwa nikajua. Hakuanza na habari hiyo. Alianza na mwanzo, kwa utaratibu wake, na mimi, ambaye sijui kumwacha mtu amalize, nilimwacha.

Alisema daktari hakuwa amedanganya. Uvimbe ulipasuka. Kulikuwa na siku mbaya sana, na harufu, na bibi alitukana mpaka majirani wakahama baraza. Lakini hakuwahi kusema afadhali angekatwa. Na siku nzuri zilikuwepo pia. Yeye mkwe alikuwa anapanda meli kila anapopata nafasi, na kwa sababu pale hospitali walishazungumza, ikawa hawawezi tena kuacha. Alikuwa anageuza kinu, anakikalia nje chini ya dirisha la chumba cha mama mkwe, mgongo ukutani, na bibi yuko ndani kitandani, dirisha wazi, na wanaongea mchana kutwa. Aligundua mama mkwe wake ni mchokozi. Aligundua anapenda habari za pamba, hasa za hawa wanunuzi wapya wanaokuja na pikapu na mizani yao, jinsi wakulima wanavyowavizia na wao wanavyowavizia wakulima. Bibi aliniulizia mimi pia, kama nimeshaolewa, na alipoambiwa bado akasema ni vile viatu.

Siku ya mwisho yeye mkwe alikuwa anamsimulia bibi habari za mnunuzi mmoja aliyeanguka ndani ya shehena ya pamba. Bibi alikuwa anaitikia, ehe, ehe. Kisha akaacha kuitikia, na yeye akadhani anasikiliza. Akamalizia hadithi yake yote. Akaanza nyingine. Mkewe ndiye aliyetokeza kichwa dirishani akamwambia, baba watoto, nyamaza sasa.

Chini dukani mtu alikuwa anachana kitambaa, ile sauti ndefu.

Walipokwisha kumwosha, alisema, wazee wa ukoo walimjia pale nje kwenye kinu chake. Wakamwambia ainuke aingie amwone. Mwiko umekwisha, kifo kimeuondoa, sasa ni ruksa.

"Nikawauliza, yeye mwenyewe amesema?" akaniambia. "Wakanishangaa. Wakasema marehemu atasemaje. Nikawaambia basi mimi nabaki hapahapa nje."

Akabaki, mgongo ukutani, chini ya lile dirisha, mpaka walipomtoa amefunikwa. Ndipo akainuka akaenda kushika kona yake.